Kapsuli za kahawa za ofisini na za nyumbani: hesabu gramu kabla ya kununua mashine

Swali: Ofisini tuko watu 14. Meneja amenipa kazi ya kuchagua mashine ya kahawa ya kapsuli, na katika kutafuta nimevutiwa, nataka na ya nyumbani, ambako tuko wawili. Nimekuta kapsuli za alumini, za plastiki, podi za karatasi, nyingine zinasemekana zinaoza, na kwenye maboksi kuna namba za ukali hadi 13. Wenzangu wawili wameshaanza kusema kahawa ya kapsuli ni maji matupu, waliionja kwa jirani zetu wa ghorofa ya juu. Ninunue zipi? Na zile za kampuni nyingine zinazodai kuingia kwenye mashine za chapa kubwa, zina usalama?

Jibu: Ndugu msomaji, lalamiko la wenzako wawili limebeba sehemu kubwa ya jibu lako, kwa hiyo naanza nalo. Kapsuli, yaani kile kikopo kidogo kilichofungwa chenye kahawa iliyosagwa, ina kahawa kiasi gani ndani, na mtu anaipitishia maji kiasi gani? Ukishazijua namba hizo mbili, nusu ya maneno yaliyoandikwa kwenye maboksi utayaruka bila hasara.

Kapsuli ndogo za espreso, zile za mtindo wa kwanza wa Nespresso, hubeba gramu 5 hadi 6 za kahawa iliyosagwa. Zimekusudiwa kutoa mililita 40, yaani kile kikombe kidogo cha mafunda mawili matatu. Zilizoandikwa lungo huenda hadi mililita 110, kwa kuwa kahawa yake imechaguliwa na kusagwa kwa ajili hiyo. Podi laini za Senseo, yaani vifuko vya karatasi vyenye kahawa, zina gramu 7 hivi kwa mililita 125. K-Cup za Keurig hubeba gramu 9 hadi 12 kutegemea aina, na kapsuli kubwa za Nespresso Vertuo za kikombe cha mililita 230 zinakaribia gramu 12 au 13.

Sasa chukua kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa kahawa ya kuchuja: gramu 55 hadi 60 kwa kila lita ya maji. Gramu 10 zinatosha mililita 170 au 180, basi. Mtu aliyezoea kikombe kikubwa cha mililita 300 akitia kapsuli ya gramu 10 na kubonyeza kitufe cha maji mengi zaidi, kikombe chake kilihitaji gramu 17 au 18 na amepewa 10. Wenzako wana haki ya kulalamika, ila wa kulaumiwa ni kitufe. Tena kasoro haiishii kwenye wepesi. Maji ya moto yanapopita kwenye kahawa, uchachu na utamu hutangulia kutoka, uchungu mkavu hufuata mwishoni. Ukiyalazimisha maji mengi kupita kwenye kahawa kidogo unapata kinywaji chepesi na kichungu kwa pamoja, na hiyo ndiyo ile ladha ya kahawa ya mashine ambayo watu wengi wanadhani haiepukiki.

Inaepukika. Bonyeza kitufe kidogo, kisha ongeza maji ya moto kwenye kikombe chenyewe badala ya kuyapitisha kwenye kapsuli. Mashine nyingi zinatoa maji matupu ukiziendesha bila kapsuli. Kahawa itakuwa nyepesi bado, lakini safi. Anayetaka kikombe kikubwa chenye nguvu atumie kapsuli mbili au anunue mfumo wa kapsuli kubwa tangu mwanzo. Ndiyo maana nasisitiza: waulize watu wanakunywa kikombe cha ukubwa gani, chagua kapsuli inayolingana nacho, mashine ije mwisho. Wengi hufanya kinyume. Huona mashine nzuri kwa bei ya chini, hununua, kisha hufungwa na kapsuli za mfumo huo kwa miaka. Bei ya chini ya mashine ina sababu yake: mapato yenyewe yako kwenye kapsuli.

Gramu zitakusaidia kwenye bei pia. Kapsuli moja inaonekana rahisi kwa kuwa ni moja. Kwenye kilo ya kahawa unatoka na kapsuli kama 180 za gramu 5 na nusu, kwa hiyo zidisha bei ya kapsuli moja kwa 180 uone unalipa kiasi gani kwa kilo. Kisha linganisha na pakiti ya kahawa nzuri iliyosagwa. Mara nyingi namba inayotokea hushtua, na ni vizuri meneja akaiona mapema kuliko kuiona kwenye hesabu za mwisho wa mwaka. Sisemi kwamba ni wizi. Unanunua wepesi, usafi na kikombe kinachofanana na cha jana. Ila ujue unalipia nini.

Mifumo iliyopo sokoni ni mingi, na historia yake inaeleza kwa nini haiingiliani. Eric Favre, mhandisi wa Nestlé, alibuni kapsuli ya espreso katikati ya miaka ya 1970, na Nespresso ikaanza kuuzwa mwaka 1986. Keurig ya Marekani ilianza kuuza mashine zake mwaka 1998, na soko lake la kwanza lilikuwa ofisi hasa, ndiyo maana hadi leo mfumo wake umeegemea kikombe kikubwa na mtu anayetaka kuondoka haraka. Senseo ilitoka Uholanzi mwaka 2001, kazi ya Philips na Douwe Egberts. Nestlé wakaongeza Dolce Gusto mwaka 2006 kwa wapenzi wa vinywaji vya maziwa, kisha Vertuo mwaka 2014, ambayo haisukumi maji kwa pampu kubwa bali huizungusha kapsuli kwa kasi inayofika mizunguko 7,000 kwa dakika, huku ikisoma msimbo uliochapwa ukingoni mwake ili ijue imwage maji kiasi gani. Kila mmoja ana umbo lake, na kapsuli ya Dolce Gusto haitaingia kwenye mashine ya Nespresso hata uibembeleze.

Uko mfumo mmoja ulio wazi kwa kila mtengenezaji, nao ni E.S.E. (Easy Serving Espresso), ulioanzia kwa kampuni ya Illy ya Italia: podi bapa ya karatasi, kipenyo milimita 44, gramu 7 za kahawa iliyoshindiliwa. Wachomaji kahawa wengi wanaitengeneza, na mashine nyingi za kawaida za espreso zinaipokea kwa kubadilisha chujio tu. Haina matangazo makubwa, na nadhani inadharauliwa bila sababu.

Kabla sijaliacha suala la mashine, ile namba ya bar (kipimo cha shinikizo) 15 au 19 inayoandikwa kwa herufi kubwa haikuhusu sana. Ni uwezo wa juu wa pampu. Espreso ya kawaida hutengenezwa kwa shinikizo la bar 9 hivi kwenye kahawa yenyewe. Mashine ya 19 haikupi kahawa bora kuliko ya 15.

Namba za ukali ndizo zinazopotosha watu wengi zaidi. Mtu aliyechoka huokota boksi la 12 akitarajia kuamshwa. Namba ile haipimi kafeini. Inaeleza uchungu, uzito wa kinywaji mdomoni na kiwango cha kukaangwa, tena kwa kipimo cha kampuni husika, kwa hiyo 8 ya kampuni moja inaweza kuwa 11 ya nyingine. Kafeini inafuata mambo mawili: aina ya kahawa na, tena, gramu. Arabika ina kafeini ya takriban asilimia 1.2, robusta inakaribia mara mbili yake. Kapsuli ndogo ya arabika tupu yenye gramu 5 na nusu ina miligramu kama 60, iwe imeandikwa 4 au 10. Kapsuli kubwa ya gramu 10, yenye namba ya ukali ya chini kabisa, inaweza kuvuka 100. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaona miligramu 400 kwa siku hazina tatizo kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Kwa hiyo mfanyakazi mjamzito anayechagua kapsuli kubwa yenye namba ndogo akidhani anajihadhari, anajidanganya bila kujua. Weka boksi la kahawa isiyo na kafeini ofisini, na liwe na rangi ambayo haiwezi kuchanganywa na nyingine.

Boksi likitaja robusta lisikutishe. Robusta kidogo huongeza povu na uzito, na mchanganyiko wa kiitaliano umejengwa juu yake. Ukipenda kahawa yenye uchachu wa matunda, tafuta arabika tupu iliyokaangwa kidogo, na uinywe ikiwa fupi.

Nije kwenye alumini, plastiki na zinazooza. Kahawa iliyosagwa ina adui mkubwa ambaye ni oksijeni, na wadogo ambao ni unyevu na mwanga. Ndani ya kapsuli hewa huondolewa na kuwekwa nitrojeni, halafu kinachobaki ni ubora wa ukuta. Alumini inazuia vyote vitatu vizuri sana. Plastiki ya kawaida hupitisha oksijeni polepole, kwa hiyo nzuri huwa na tabaka la ndani la kuizuia. Karatasi na zile zinazooza ndizo dhaifu zaidi, na ndiyo sababu utazikuta zimefungwa moja moja au kwa mafungu kwenye mfuko wa nje. Mfuko huo ukiuchana na kuziacha kwenye bakuli la mapambo kando ya mashine, zitapoteza harufu ndani ya siku chache. Zile bakuli za kioo za ofisini ni za kapsuli za alumini tu.

Kuhusu taka, neno "inaoza" lisome mpaka mwisho. Kiwango cha Ulaya EN 13432 kinahusu mitambo ya mboji ya viwandani, penye joto kubwa linalodhibitiwa. Kapsuli yenye alama hiyo ukiifukia bustanini utaikuta hapohapo baada ya muda mrefu. Zipo zilizothibitishwa kwa mboji ya nyumbani, zimeandikwa hivyo waziwazi. Alumini inarejelewa vizuri sana, kwa sharti kwamba iingie kwenye mkondo wa kurejelewa: kapsuli ni ndogo na imejaa machicha yenye maji, vituo vingi vya kuchambua taka haviishiki, hivyo inategemea mpango wa kampuni wa kuzikusanya. Usipokuwa na mpango huo mahali ulipo, kapsuli yako ya alumini ni taka tu yenye sifa nzuri. K-Cup za sasa ni za plastiki ya polipropilini, na mtumiaji anatakiwa avue kifuniko na kumwaga machicha kwanza, kazi ambayo sijaona ofisi ikiifanya zaidi ya wiki ya kwanza. Jiji la Hamburg, Ujerumani, lilikata shauri mwaka 2016 kwa kuacha kutumia fedha za umma kununua kahawa ya kapsuli za kutupwa. Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya mzigo wa kikombe cha kahawa kwa mazingira iko shambani na kwenye nishati ya kuchemshia maji, na birika la kahawa linalomwagwa nusu kila jioni halina pa kujitetea.

Umeuliza kapsuli za kampuni nyingine. Hataza kuu, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, za Nespresso na za K-Cup zilikwisha muda mnamo mwaka 2012 hivi, na tangu hapo mtu yeyote anaruhusiwa kutengeneza za kuingia humo. Keurig walijaribu kufunga mlango tena mwaka 2014 kwa mashine iliyosoma wino maalumu kwenye kifuniko na kuzikataa kapsuli za wengine. Wateja walikata vifuniko vya kapsuli halali na kuvibandika juu ya zile zisizokubalika, mauzo yakayumba, na mwaka uliofuata kampuni ikakiri kwamba ilikosea na kurudisha kichujio cha kujaza mwenyewe. Kwa hiyo ndiyo, ziko salama kwa maana kwamba hazitakudhuru zikiwa za mtengenezaji anayejulikana. Zinapotofautiana ni kwenye vipimo vya umbo. Nyingine ni laini mno, sindano haizitoboi sawasawa, maji yanapita pembeni na kuishia kwenye trei. Nyingine zinavimba kwa joto na kukwama ndani. Nunua boksi moja, tumia lote kwenye mashine yako mwenyewe, kisha ndipo uagize katoni. Ukiona trei inajaa haraka kuliko kawaida au kahawa inatoka kwa matone, achana nazo hata kama zina bei nzuri. Na usome dhamana ya mashine inasemaje.

Kapsuli za chuma za kujaza mwenyewe nazipenda nyumbani. Zinataka kahawa iliyosagwa laini kuliko ya kuchuja, ishindiliwe kidogo, na zioshwe kila mara. Ofisini usijaribu: baada ya siku tatu utaikuta imelala kwenye sinki na machicha yake.

Sasa ofisi yako. Watu 14 wakinywa vikombe viwili kwa siku ni kapsuli 28, na kwa siku 22 za kazi ni 616 kwa mwezi. Ukubwa wa kikombe ukiwa mililita 180, unahitaji lita 5 za maji kwa siku. Mashine ya nyumbani yenye tangi la lita moja itajazwa mara tano, na chombo chake cha kapsuli zilizotumika, kinachobeba kama kumi, kitamwagwa mara tatu. Nani atafanya hivyo? Kama hakuna jina la mtu, hakuna atakayefanya, na mashine itakaa na taa nyekundu tangu saa nne asubuhi. Tafuta mashine ya ofisi yenye tangi la lita 3 au zaidi, au inayounganishwa na bomba. Fahamu kwamba Nespresso ya kitaalamu, ile ya maofisini, inatumia kapsuli bapa ambazo haziingii kwenye mashine za nyumbani. Meneja wako atalifurahia hilo, kwa kuwa hakuna atakayezibeba kwenda kwake, wewe pengine siyo, maana ndoto ya kununua kapsuli za aina moja kwa sehemu zote mbili inaishia hapo.

Kuna na foleni. Kila kikombe kinachukua karibu dakika moja ukihesabu kutia kapsuli, kusubiri na kuondoa. Watu 14 wakija kwa pamoja wakati wa mapumziko, wa mwisho anasubiri karibu robo saa. Kama ofisi yenu ina desturi ya kunywa kwa wakati mmoja, ushauri wangu ni mashine ya kawaida ya kuchuja yenye chupa ya kutunza joto kwa ajili ya wengi, pamoja na mashine moja ya kapsuli kwa wanaotaka espreso, wasiotaka kafeini na wageni. Gharama inashuka, taka zinapungua, na wale wenzako wawili watapata kikombe chao kikubwa kilichopimwa kwa gramu za kutosha. Kama watu wanakunywa kwa nyakati tofauti siku nzima, hapo kapsuli zinashinda, kwa sababu hakuna kahawa inayokaa ikichacha.

Epuka mashine yenye mfumo wa maziwa mabichi ofisini. Mrija usiposafishwa kila siku unaoza kwa ndani, na harufu utaisikia kabla hujaona chochote. Kapsuli za maziwa, kama za Dolce Gusto, hutumia maziwa ya unga, mara nyingi yenye sukari, na kinywaji kimoja kinaweza kula kapsuli mbili, moja ya maziwa na moja ya kahawa. Zidisha hesabu yako ipasavyo. Na umeme: mashine hizi huvuta wati 1,200 hadi 1,500 zinapopasha maji, kwa hiyo isichangie waya wa nyongeza na birika la umeme au maikrowevu.

Nyumbani mko wawili, na mambo ni mepesi. Mkipenda kikombe kifupi, ningechagua mashine ndogo ya espreso inayokubali podi za E.S.E.: gramu nyingi kuliko kapsuli ndogo, wauzaji wengi, na karatasi na machicha vinaweza kwenda kwenye mboji, ukishahakikisha boksi linasema hivyo. Mkitaka urahisi zaidi na aina nyingi za kuonja, Nespresso ya mtindo wa kwanza ndiyo yenye watengenezaji wengi wa nje. Vertuo inatoa kikombe kikubwa kizuri, lakini msimbo wake unakufunga kwa wauzaji wachache. Mwenzako akipenda kikombe kikubwa na wewe kifupi, msigombane, chukueni mashine ya espreso na birika la maji ya moto.

Mashine yoyote utakayochukua, maji ndiyo yatakayoiua. Yenye chokaa nyingi hujenga ukoko kwenye kipasha joto, kahawa inaanza kutoka vuguvugu na polepole, na watu hulaumu kapsuli. Ondoa ukoko kwa dawa iliyotajwa na mtengenezaji kila taa inapokumbusha. Siki waachie wapishi, harufu yake hung'ang'ania na baadhi ya mipira ya ndani haiipendi. Pitisha maji matupu kidogo kila asubuhi kabla ya kikombe cha kwanza, na toa kapsuli iliyotumika mara moja, hasa siku ya kufunga ofisi mwisho wa wiki, kwa sababu machicha ya moto yaliyofungiwa huota ukungu upesi.

Kabla ya kuagiza, mwombe muuzaji maboksi ya kuonja ya aina tatu au nne, uwaite wenzako wawili wale, uwape bila kuwaambia jina wala namba ya ukali, kila mmoja kwa kikombe anachokitumia kila siku. Ukipata jibu, agiza ya mwezi mmoja tu kwanza na uangalie tarehe kwenye boksi: kapsuli hudumu miezi mingi bila kuharibika, ila iliyo karibu na siku zake za kutengenezwa ina harufu zaidi. Kwenye mkataba wa ofisi mwambie meneja adai mambo mawili kwa maandishi, nani anakuja mashine ikiharibika na baada ya muda gani, na kama muuzaji anazichukua kapsuli zilizotumika anapoleta mpya.